Mshono wa Ikweta

Mto Nyamwamba ulipoingia shuleni
haukubagua: ulibeba madawati, kengele,
nusu ya choo, na dunia.
Dunia tuliikuta siku ya tatu, imenasa matopeni
chini ya reli za mgodi,
imepasuka palepale penye ikweta
kama chungwa lililokatwa kwa pupa.

Mwalimu Kabugho akaileta kwa baba
ndani ya karai, imefunikwa kitenge,
jinsi mtu anavyoleta kuku mgonjwa.
"Mzee Mbusa, ulikuwa seremala wa mgodi.
Uliuzuia mlima usiwaangukie watu.
Hii itakushinda?"

Baba alichungulia ndani kwanza.
Mimi nilitaraji moto, au sauti.
Mlikuwa na magazeti, tabaka kwa tabaka,
ya lugha tusiyoijua: tangazo la viatu,
uso wa bwana mwenye masharubu,
na kifuko cha chembe za risasi, si za bunduki,
kimegandishwa nyuma ya Pasifiki.
"Uzito wa kusawazisha," mwalimu akasema, "isiyumbe."
Baba akaguna. Miaka ishirini na miwili kule chini
hakuna aliyemwambia
kwamba ulimwengu nao umetiwa nguzo.

Usiku, nikikoroga unga wa muhogo uwe gundi,
mwalimu alitusimulia.
Mafundi wa mwanzo, kule Ujerumani,
walifinyanga donge la udongo, wakalivika kitani,
likakauka, wakalikata kiunoni,
wakautoa udongo, wakashona tena.
Kwa hiyo mshono tangu hapo ulipita kwetu,
Kikorongo pale, barabara ya Mbarara.
Wakachora bahari moja pana
mahali ambapo Amerika ilikuwa imekaa
ikipika chakula chake cha jioni.

Wajukuu wao walichonga ramani kwenye bamba za shaba,
wakachapa vipande kumi na viwili,
vyembamba ncha zote mbili, kama jani la mwanzi,
wakavibandika vikiwa vibichi
wakiomba visikunjamane.
"Shaba?" baba akauliza.
"Shaba."
"Si yetu."
"Yetu ilikuwa bado imelala."
Akanyamaza muda mrefu kuliko swali lenyewe.

Na milima hii waliisikia tu,
kwa mtu aliyesikia kwa mtu.
Wakaiita Milima ya Mwezi, wakaipanga
kama meno ya kitana, na chini yake maziwa mawili
yaliyolingana kama macho ya kinyago.
Kwa kuwa hawakufika, hawakuwa na mawingu.
Baba, aliyezaliwa hapa, ameiona theluji
labda mara arobaini.

Magazeti yalikuwa yameoza.
Akafungua sanduku la bati, akatoa daftari la mishahara
aliloliokota ofisini siku mgodi ulipofungwa.
Masereka, zamu ya usiku.
Thembo, amekatwa shilingi nne za buti.
Kule, na mbele ya jina lake mstari tu.
Ukurasa juu ya ukurasa akazibandika,
maandishi yakitazama ndani.
Risasi ndugu zangu walishagawana kwa manati;
badala yake akatia jiwe la mgodini, lenye ukijani,
alilolipima kwa kiganja.

Kipande cha kwetu maji yalikuwa yamekifuta.
Alinoa unyoya wa kuku, akahesabu kwa vidole:
Kilembe nzima, mto, makaburi,
haifiki punje ya wimbi.
Akaweka nukta. Akaitazama.
Akaifuta kwa kidole kilicholowa,
likabaki doa jeupe.
"Mawingu," akasema.

Sasa inazunguka tena, darasa la sita.
Lakini lile jiwe lilizidi.
Ukiisukuma, Japani inapita, Brazili inapita,
kisha inasita, inarudi nyuma kidogo,
na upande wetu unashuka, unatazama meza.
"Dunia yako ina kigugumizi," mwalimu alilalamika.
Baba alikuwa akisugua gundi kwenye kucha.
"Waambie watoto," akasema,
"waiinue kwa mkono."