Likizo Bila Dhamira

Mwaka mzima nimeuliza, chaki mkononi:
"Fafanua dhamira. Toa mifano mitatu."
Mwaka mzima wamenijibu watoto wa watu
kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino.
Sasa shule imefungwa. Kaskazi imekaza,
bati linalia ta! ta! huku Barabara ya Nane,
nami nimeketi sakafuni, miguu ndani ya beseni.
Sitaki dhamira.

Nataka mtu akimbie.

Nataka pikipiki izimike pale pasipofaa,
mkoba mweusi ubadilishwe na mkoba mweusi,
mwanamke wa miwani, asiyetaja jina lake,
afikie Raskazone kwa tiketi ya marehemu.
Nataka sura fupi, fupi kama pumzi ya mwizi,
kila moja ikomee pale mlango unapogongwa.

Nimekikodi kwa Mhina, fundi saa wa Ngamiani:
mia tano, siku tatu, ukichelewa anakununia.
Jalada limeshonwa kwa uzi wa viatu.
Ukurasa wa kumi na tisa una doa la mchuzi
la msomaji aliyeshindwa kungoja anawe.
Mwalimu Shekalaghe, mkuu wa idara yetu,
huviita vitabu vya kupitishia wakati.
Basi upite! Lini uliwahi kunisubiri?
Na waliosema haraka haina baraka
hawakuwa na deni kwa Mhina.

Chungwa la Muheza linanichuruzika hadi kiwikoni,
nageuza kurasa kwa kidole cha mwisho.
Mtu anapiga hodi; nanyamaza kama sipo.
Wali unaungua; nauambia wali:
subiri, wanamfyatulia.

Ndipo nikafika wa arobaini na mbili.
Pembeni, kwa kalamu ya risasi,
na risasi yenyewe ikanipata mimi:
"Dereva ndiye muuaji. Pole."

Pole!
Nilikitupa mkekani. Nikakitazama.
Nikasugua sufuria kwa hasira. Nikarudi.
Nikamsoma dereva kwa jicho la polisi:
anacheka nini? Glavu za nini, na joto hili?
Kila alipofungua mlango wa gari nilimzomea.
Ikapita adhana ya magharibi, umeme ukakatika,
tochi ya simu ikabaki asilimia nne,
na katika ukurasa wa mwisho kabisa
dereva akafa akimkinga bosi wake,
maskini ya Mungu,
hana kosa hata la kupiga honi hospitalini.

Nilicheka gizani peke yangu, machozi yakanitoka.
Kisha nikaujua mwandiko: ile "r" yenye mkia
niliiona kwenye cheti changu cha dawa.
Ni Mwanamvua, nesi wa Bombo,
huyohuyo anayechoma sindano na kusema "haiumi."

Kesho nakirudisha, siku moja kabla ya deni.
Uongo wake nimeuacha palepale, haki ya mtu.
Ila nimechonga penseli,
na kwenye ukurasa wa sitini, pembeni,
kwa zile herufi zangu za ubaoni
ambazo mji mzima umefundishwa kuziamini,
nimeandika: "Mchunguze mpishi."

Kitabu kizima hakina mpishi.