Herufi Sita

Mimi ndiye niliyeshika kopo.
Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa na chokaa
iliyobaki baada ya kupaka zizi,
na usiku ule wa Julai tulipanda kutoka Vaurelles
kwa trekta, taa tumezima, kama wezi,
mpaka kona ya tatu, pale mlima unapomnyima mtu pumzi.
Akapiga magoti juu ya lami
yenye joto la mchana bado.
A. N. S.
Akarudi nyuma kutazama, kichwa upande,
kama fundi cherehani anayepima bega.
E. L. M.
Ile E ya mwisho, chokaa ikagoma.
Alikwangua kopo, akalitukana kwa lugha ya nyumbani,
ile ambayo bibi alichapwa shuleni kwa kuisema.
“Basi,” akasema. “Atajijua tu.”

Asubuhi tulijipanga kwenye ukuta wa mawe,
shangazi Berthilde na kiti chake cha kukunja,
mkate, soseji kavu, jibini ya kwetu,
redio imebanwa sikioni mwa baba.
Walipita wote, mia na hamsini na kitu,
upepo wa rangi, harufu ya dawa ya kuchua,
minyororo ikivuma kama nyuki waliochokozwa.
Nilitafuta jezi ya kijani mpaka macho yakaniuma.
Redio ilishasema. Baba hakutuambia.
Kilomita ishirini nyuma, darajani,
kaka alishuka, akabanduliwa namba mgongoni,
akapanda gari la kufagia walioshindwa.
Gari lile lilipita mwisho, polepole, vioo juu.
Likakanyaga jina lake, herufi sita zote.
Baba akavua kofia.
Sikujua alimvulia nani.

Hakuna aliyemwuliza. Kwetu Aubrac maneno ni kuni,
hayachomwi kiangazi.
Baba alikufa bila kuuliza.

Niliolewa huku juu, nyumba inayotazama kona,
kwa hiyo namwona: Anselme, hamsini na minane,
goti linalolia kama bawaba,
baiskeli ileile ya chuma, ya buluu.
Kila Jumapili, akimaliza kukamua, hupanda.
Hupanda ameketi, hapapatiki,
gia ndogo, pumzi anazihesabu kama mchuuzi na chenji zake.
Na akifika kwenye A
hugeuza usukani kushoto, kidogo tu,
akalizunguka jina
kama unavyomzunguka mtoto aliyelala sebuleni,
kisha akarudi njia yake.
Theluji iliilamba S. Malori ya magogo yakaitafuna L.
Wapita njia waliona madoa ya chokaa,
labda ndege, labda maziwa yaliyomwagika.
Yeye aliendelea kukwepa.

Mwaka huu, mwezi wa tano, halmashauri ikaleta lami.
Siku mbili tu, kona nzima ikawa nyeusi, laini, inanuka.
Nilitoka na kikombe cha kahawa mkononi
nikamwuliza kijana wa shindilio:
“Unajua unafunika nini?”
“Mashimo, mama.”
Nikampa kahawa.

Jumapili iliyofuata alikuja na watoto watano wa klabu,
kofia ngumu zimewazidi shingo,
Théophane anayumba, Ysaline wa mwisho, uso kama nyanya.
Nilisimama dirishani, sahani inadondosha maji.
Lami tupu. Hata doa.
Kaka akageuza usukani kushoto.
Nyuma yake, mmoja mmoja, wakageuza kushoto,
wakidhani kuna shimo.
Ysaline akapaza sauti, pumzi nusu:
“Kuna nini hapo?”
Hakugeuka. Aliinua mkono mmoja,
kama anayesalimia mtu, au anayesema
subiri, tufike juu kwanza.

Kopo ninalo.
Naweka vibanio vya nguo.