Mengineyo

Katika daftari la kanisa letu
safu ya kwanza ni mahudhurio, ya pili sadaka,
na chini kabisa pameandikwa Mengineyo.
Mimi ndiye katibu. Mwandiko wangu
huanza umesimama; ukifika huko chini umelala.

Tunakutana Nkuhungu, chumba kilichokuwa mashine ya kusaga.
Kibao kinasema Waunitariani, herufi mbili zimebanduka.
Unga bado uko kwenye kenchi; tukisimama kwa pamoja
unadondoka kidogo mabegani,
na mgeni hudhani tumezeeka ghafla.
Mchungaji wetu, Zefania Mbeleje,
siku sita ni fundi baiskeli. Jumapili
huwasha kibatari kwa vidole vyenye grisi
na kusema yale yale: Mungu ni mmoja,
mengine tuulizane.

Tunaulizana. Bi Mwasiti wa Kondoa
huja na tasbihi yake, hukaa karibu na mlango,
hakuna aliyewahi kumwambia aiache nje.
Hatuna orodha ya mambo ya kusadiki.
Tuna orodha ya wagonjwa, na ya wanaodaiwa kodi.

Mwezi wa sita Damari Chiloleti alisimama.
Hakutaka maombi. Alikunjua karatasi ya fidia.
Tembe yake huko Nala imepigwa X nyekundu,
barabara inapita, mji mkuu unanyoosha miguu,
na karatasi inasema: mizabibu, arobaini.
"Arobaini," akasema, "ni ile niliyoipanda
kabla Nyemo hajaota meno.
Nyemo sasa ananyoa ndevu."

Kukawa na ubishi. Ndugu Masinga alisema
kanisa si ofisi ya ardhi, akachukua kofia.
Niliandika: mjumbe mmoja alitoka mapema.
Sikuandika kwamba alikuwa na haki ya kuogopa;
mwanawe ni kibarua kwa hao hao wapimaji.

Jumamosi tukaenda kuhesabu.
Tulichana kanga mbili kuukuu vipande vyembamba,
kila mzabibu ukafungwa utepe.
Upepo wa Julai, ule unaokutilia mchanga
mpaka ndani ya kikombe cha uji,
ulivuma, shamba zima likapepea
kama watoto wanaonyoosha mikono darasani:
mimi, mwalimu, mimi, mimi.
Mia mbili na kumi na miwili.
Mchungaji akahesabu tena kwa kuanzia mwisho.
Mia mbili na kumi na miwili.

Kisha ofisini. "Njooni Alhamisi," wakatuambia,
tukaja. Tukaja Alhamisi tisa.
Bi Mwasiti alikuwa na karanga kwenye leso,
akamgawia hata karani aliyetufukuza.
Alhamisi ya saba karani alitafuna,
akatazama dirishani, akauliza polepole:
"Hizo tepe bado zipo?"

Niandike nini? Kwamba tulishinda?
Walilipa mia moja na themanini.
Ile thelathini na miwili ilizama katika kalamu ya mtu.
Tembe ilivunjwa Jumanne, saa nne asubuhi,
nasi tukabeba mlango, chungu, kinu,
kuku mmoja mwenye hasira.
Damari hakulia. Aliomba kisu,
akakata vijiti vitano vya mzabibu
akavifunga kwa tepe zile zile.

Sasa vimo kwenye ndoo iliyopasuka, pembeni ya mlango wetu.
Kimoja kimekufa. Viwili sijui.
Ndugu Masinga amerudi. Hasemi kitu,
hufika kabla ya wote
na kuvimwagia maji tuliyonawia wiki iliyopita.

Mahudhurio: ishirini na sita.
Sadaka: elfu kumi na nne, nusu debe la uwele,
na kuku (ni yule yule).
Mengineyo:
jani moja, dogo, lina mikunjo
kama karatasi iliyokaa sana mfukoni.