Mizani ya Mwanga

Zamani, yaani mwezi wa tatu tu,
barabara moja ya Mwanga ilikuwa na wazoaji saba.
Mimi nilikuwa na duka la vitenge, bucha mbili na hoteli ya Chubwa.
Ntakije alikuwa na saluni zote zenye vioo.
Wengine sitawataja, wawili bado wananidai.
Saba, kila mmoja na mkokoteni wake,
kila mmoja na bei yake mdomoni.
Tulipishana alfajiri kama siafu waliosahau njia
na bado gunia la mwisho lilibaki mlangoni
likisubiri mvua iliteremshe:
Mwanga hadi stesheni, stesheni hadi ziwani,
bila nauli.

Kisha manispaa ikatuita ukumbini.
Bibi Afya, Jeneroza, akauchora mji kwa chaki,
akaukata vipande kama sabuni ya mche:
mtaa mmoja, mzoaji mmoja, risiti moja,
na taka zipimwe kwa kilo.
Kwa kilo! Chubwa alicheka hadi akashika meza.
"Basi na mimi nitaanza kuuza maganda."

Mizani wakanipa mimi. Ile ya ndoano,
iliyopima migebuka miaka mingi kule Kibirizi,
magamba bado yameing'ang'ania.
Nikapewa na kitabu, kalamu imefungwa uzi.
Ntakije hakupewa kitu.
Sasa anasukuma kando yangu kwa ujira wa siku,
na tukishuka mteremko yeye ndiye breki:
kisigino, kipande cha tairi, kimya.

Wiki ya kwanza kila kitu kilikuwa kizito.
Wiki ya tatu pipa la Chubwa likawa jepesi
kama la mtu aliyefunga.
Hoteli imejaa, sufuria nne ziko jikoni,
kilo mbili!
Na pipa la Mama Bitungwa, fundi cherehani,
ambaye hutupa ncha za uzi na vumbi la chaki,
likatuvunja mgongo. Kumi na tisa.
Akaisoma risiti mara mbili. Akaanza kufungua pochi.

Ntakije ndiye aliyeinua mfuniko.
Hakusema neno. Akatoa kichwa cha mgebuka,
ukoko wa wali, majani ya chai bado yana moto,
akavipanga kwenye kizingiti cha Chubwa
kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha deni.
Wateja wakaacha kutafuna.

Wanasema taka hazina jina.
Miaka kumi na moja nazizoa. Zina jina, zina ukoo,
zinajua hata saa aliyolala mwenyewe.

Siku hizi Chubwa anatenga maganda kwa mbuzi wa Gungu.
Si wema, anazihurumia shilingi zake.
Sawa. Ziwa haliulizi nia.
Juzi mvua ilinyesha usiku kucha, nikaenda kuutazama mtaro:
maji, majani, kandambili moja ya mguu wa kushoto,
basi.

Jioni nafunga hesabu.
Kitabu kina safu ya duka, safu ya kilo, safu ya fedha.
Hakina safu ya breki.
Nimeichora mwenyewe pembeni, imepinda kidogo.
Bibi Afya ataiona Jumatatu.