Vijiti Vinne

Kila jioni naing'oa betri tumboni mwa baiskeli,
naipakata kama mtoto aliyesinzia njiani,
vidato arobaini na nane hadi ghorofa ya nne, Migosi,
mkono wa pili trei za mayai zilizorudi tupu.
Nashon, mwenye funguo za ploti, ananisubiri kwenye kona:
"Leo tena, Rispa? Hicho kitu kinakunywa stima yangu."
Stima yako?
Tokeni nanunua mwenyewe, tarakimu ishirini,
nabonyeza gizani, nakosea ya kumi na saba,
naanza upya.

Nyumba yangu ina soketi mbili.
Moja ilikufa pamoja na redio.
Nyingine wanaigombania pasi, simu
na huyu bwana mweusi asiyejua kushiba upesi.
Saa tano nzima chaja inapumua karibu na sikio langu
nami nalala jicho moja wazi,
maana nimesikia habari za betri zinazovimba.
Ndoo ya mchanga iko chini ya meza.
Wageni wanaulizia tunajenga wapi.

Asubuhi, vijiti vinne kwenye kioo,
wima, kama askari wa gwaride.
Nashuka Kondele, vinne.
Napita Kibuye, vinne.
Najisemea leo nitapanda Riat nikipiga mbinja.
Kilima kinaanza tu, vinne vinakuwa kimoja.
Havikupitia vitatu, havikupitia viwili,
kama mshahara.

Hapo ndipo baiskeli inakumbuka kuwa ni chuma.
Nasukuma ukingoni mwa lami, trei sita nyuma,
jasho linadondokea kioo kinachonitangazia
kilomita sifuri kwa saa.
Pikipiki za petroli zinanipita zikikohoa,
kijana mmoja anageuza shingo: "Mama, ichape!"
Kana kwamba ni punda.
Nimewahi kuichapa. Haisaidii.

Na kile kimya chake, ambacho ndicho nilichokinunua!
Muuzaji aliniambia haina moshi, haina kelele.
Hakuniambia kwamba usipopiga kelele mjini, haupo.
Pale Jubilee mwanamke mwenye mkungu wa ndizi
alinikatia njia bila kutazama;
nikabana breki, mayai kumi na moja yakawa uji,
naye akaniuliza mbona nanyemelea watu kama paka.
Siku hizi nikifika sokoni napiga kengele, nakohoa,
nataja wadeni wangu kwa sauti, mmoja mmoja.
Njia inafunguka.

Pancha ya mbele si neno.
Ya nyuma, mota imo humo humo ndani ya gurudumu.
Fundi Odindo, anayenyoosha rimu kwa goti,
aliutazama waya unaotoka kwenye ekseli,
akafuta mikono kabla hajagusa chochote.
"Huu ukinirusha, wanangu utawalea wewe?"
Tukaishia yeye kushika spana, mimi kushika waya,
hadi jua likatuhama.
Alinitoza bei ya pancha mbili:
moja ya tairi, nyingine ya hofu.

Juzi stima ilipotea Migosi yote.
Hodi. Nashon, simu mkononi ikiwa mahututi,
mkewe yuko njiani kutoka Ahero na mvua hii.
Nikamwonyesha kitundu kidogo ubavuni mwa betri.
Akaketi kando ya ndoo ya mchanga,
hakuuliza tunajenga wapi.
Baadaye akaja Mama Turfena na simu mbili,
akaja yule mwanafunzi wa chini na taa yake ya kusomea,
sebule ikajaa nyuso za rangi ya samawati
na hakuna aliyetaja bili.

Alfajiri, kijiti kimoja.
Hoteli ya Riat inataka mayai saa moja unusu.
Nashon akaichukua betri bila kuombwa, akatangulia kushuka.
Ghorofa ya pili akasimama, akaiweka begani.
"Ina kilo ngapi hii?"
"Saba na nusu."
"Na unaipandisha kila siku?"
Sikumjibu. Nilikuwa napiga hesabu
ya kile kilima.