Karatasi za Manjano

Wiki ya sita ya muhula, litmasi ikaisha.
Koponi mlibaki vumbi la zambarau
na mdudu mmoja, mkavu.
Mwalimu Shekuwe hakumwandikia mkuu wa shule;
barua zake tatu za mwaka jana bado zilikuwa njiani,
na ofisi iko hatua ishirini.
Alinituma Langoni: manjano ya shilingi hamsini,
"na usiniletee yale ya kuchanganywa na unga."

Tukayaloweka kwenye spiriti, tukachovya karatasi,
tukazianika dirishani
kama nepi za mtoto wa bandia.

Ndimu: karatasi ikakaa vile vile, kana kwamba haikuambiwa neno.
Siki: kimya.
Maji ya kisima cha shule: Mwanahawa akaapa ameona kitu,
sisi wengine hatukuona.
Ndipo Rukiya akafungua kijaluba cha tambuu cha nyanyake
(aliiba, lakini kwa ajili ya elimu),
akachota chokaa kwa ncha ya kalamu,
na karatasi ikaiva, nyekundu,
ghafla hata tukashikana mikono.

"Andikeni," akasema mwalimu.
"Kiashiria hakina rafiki wala adui.
Hutaja kilichokigusa."
Nikaandika. Nikapiga mstari kwa rula.

Alhamisi, uani, mama anafua kanzu ya baba
ipate kuwahi Ijumaa.
Baba alirudi usiku wa jana, boti la Mokowe liliharibika injini,
hakutia kitu kinywani tangu adhuhuri, alisema.
Mama alimpashia wali moto.
Alikula kidogo, kwa adabu.

Kanzu ilikuwa nyeupe. Niliiona mwenyewe.
Labda penye pindo la mkono wa kulia, kivuli cha njano,
kile ambacho jicho hukisamehe.
Sabuni ya mche ikapita
na doa likaamka, jekundu,
pana kama vidole vitatu.

"Hini ni damu?" Moyo ulimruka.
"Kaumia, asinambie?"

Jibu nililijua.
Nililijua kwa alama themanini na mbili.
Nilijua pia kwamba jikoni kwetu
kopo la manjano ni tupu tangu harusi ya Swabra.

Kiashiria hakisemi nani alipika.
Hakitaji mtaa, hakitaji mlango,
wala kama palikuwa na kicheko baina ya tonge na tonge.
Husema: hapa paligusa hiki, sasa pamegusa hiki.
Kilichobaki ni kazi ya anayetazama.

"Si damu, mama. Ni manjano. Sabuni huyageuza.
Kamua ndimu, yatarudi."
Kweli tupu, iliyosawazishwa pande zote mbili
kama mlinganyo.

Akakata ndimu.
Wekundu ukarudi nyuma, ukawa njano, ukawa karibu si kitu.
Aliutazama muda mrefu.
Kisha, na kemia hakuisoma,
akachukua sabuni, akapitisha tena.
Jekundu.
Ndimu. Njano.
Sabuni.
Mara tatu, kama tunavyofundishwa,
ili kupata wastani.

Jua hula manjano; hilo halimo kitabuni mwetu,
ila kila mfuaji wa Amu analijua.
Kamba ya uani ilikuwa tupu, jua limejaa.
Hakusuuza.
Akaingia nayo ndani, akaitundika kivulini, ukumbini,
mkono wa kulia
ukielekea mlango.