Wavu wa Laurenti

Mwaka ule tarehe kumi Agosti iliangukia mbalamwezi.
Dagaa hawavuliki, mitumbwi imelala kifudifudi mchangani,
kwa hiyo wanaume wote wa Kabusuri walikuwepo kanisani,
hata wale ambao Mungu huwaona Krismasi tu.

Jumapili iliyotangulia, katekista Siksti Mabere
alisoma daftari la mchango mbele ya watu,
jumuiya kwa jumuiya, elfu kumi kila kaya:
Mazige, amemaliza. Teonesta, amemaliza.
Leokadia Nyabise
(akakohoa kidogo, maana ni jirani),
bado.
Mama alitazama mbele, kwenye sanamu ya somo wetu,
kana kwamba Bado ni jina la mtu mwingine.

Sasa sikia.
Usiku wa kuamkia sikukuu, vijana wakimshusha Laurenti
wamtie rangi mpya,
wavu wake wa plasta, wa kutukumbusha alivyochomwa Roma
akawatania wachomaji, nigeuzeni, upande huu umeiva,
ulimponyoka, ukawa unga.
Ikabaki ngumi iliyoshika hewa.
Mji mzima una nyavu: za sato, za dagaa,
za macho madogo zinazofukiwa afisa uvuvi akitajwa.
Wavu wa kuchomea, wenye mpini, wa kutosha kiganja cha mtakatifu,
ulikuwa mmoja,
nao ulining'inia nyuma ya jiko letu.

Alfajiri, hodi. Siksti mlangoni, kofia mkononi.
Hakulitaja daftari. Mama naye hakulitaja.
Akautoa wavu mweusi, magamba ya sangara yamegandia waya.
"Tutausugua kwa majivu," akasema katekista.
"Ukiusugua," akasema mama, "watu watajuaje kuwa alichomwa?"

Basi maandamano yakateremka hadi mwaloni,
Utoto Mtakatifu na maua ya karatasi,
WAWATA na vitenge vyao vya sare,
matarumbeta mawili ya kukodi kutoka Mwanza,
moja likikwama kwenye sauti ileile,
ubani mbele, na nyuma ya ubani
harufu ya samaki wa mama yangu.
Paka wakatoka chini ya mabanda.
Mmoja, wawili, kisha sikuhesabu,
wakaifuata sanamu mikia juu, wenye ibada kutuzidi.
Bibi Nabasiga alicheka hadi akamshika mwenzake,
akapiga kigelegele kuficha kicheko,
na kina mama wote wakaitikia wakidhani ni zamu.

Padre alihubiri kifupi; jua lilikuwa kali.
Mkuu wa Roma alidai hazina ya Kanisa,
Laurenti akamletea viwete, wajane, wenye madeni,
akasema: hii hapa, hesabu.
Kukawa kimya cha watu wanaokumbuka jambo.
Nilimwona Siksti akilisukuma daftari chini ya benchi
kwa kisigino.

Mchana, turubai, pilau, wageni na kadi za chakula.
Sisi hatukuwa na kadi.
Mama aliingia kanisani peke yake, akavua kandambili,
akafungua vidole vya mtakatifu kimoja kimoja,
kama unavyomtoa kijiko mtoto aliyelala nacho,
akatoka na wavu wake.
"Sato hawajachomwa," alimwambia mlinzi. "Naye keshamaliza."

Akawasha mkaa palepale, hatua kumi kutoka turubai.
Moshi haukuuliza nani ana kadi.
Wakaja watoto, wakaja wavuvi,
akaja Dekano na sahani yake ya pilau,
akaja Siksti, akasimama mbali,
kisha karibu,
kisha akakunja mikono ya shati, akapepea moto.

Mimi nilishika chumvi na ndimu.
Nikamsikia mama, macho kwenye makaa:
"Geuza. Upande huu umeiva."
Mpaka leo sijui alikuwa ananiambia mimi
au anamjibu yule aliyebaki ndani,
mkono wazi.